Jicho la Serikali: Tangu Kipande hadi Kamera

Hapana serikali duniani, iwe ya mfalme au ya jamhuri, isiyotaka kujua mambo ya watu wake. Hutaka kujua idadi yao ili itoze kodi, hutaka kujua makazi yao ili ipeleke shule na dawa, na hutaka kujua nyendo zao ili imzuie mwizi na adui. Haja hiyo ni ya kale, wala si mbaya kwa asili yake. Lakini kila zama huwa na chombo chake cha kutazamia, na kila chombo huwa na fundi wake. Katika insha hii nakusudia kueleza historia fupi ya vyombo hivyo katika nchi ya Kenya, hasa pande za Thika na Ruiru, tangu kipande cha shingoni hadi kamera za barabarani. Kisha nitauliza swali ambalo raia wa leo hawezi kulikwepa: je, nchi iliyo huru yaweza kujilinda kwa jicho lililotengenezwa na mgeni?

Tuanze na mahali. Kiganjo ni mtaa wa mji wa Thika. Mtu atokaye huko alfajiri kwenda kazini Nairobi hupanda matatu, akapita Juja, Ruiru na Githurai, mwendo wa kilomita 40 na zaidi, mpaka aingie katikati ya jiji kuu. Barabara kuu apitayo ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, nayo ilijengwa na kampuni tatu za Kichina. Aingiapo jijini huanza kutazamwa. Juu ya nguzo, kwenye makutano ya njia, zipo kamera za polisi, na picha yake hupelekwa kwa waya hadi chumba ambacho hajapata kukiona, ikatazamwa na watu asiowajua. Pengine yeye mwenyewe hana habari, na kama anazo hajali, kwa kuwa hakutenda kosa. Lakini miaka 100 iliyopita mtu wa upande huo huo, aliyefanya kazi katika mashamba ya katani na kahawa yaliyouzunguka mji wa Thika, alijua vema kwamba anatazamwa, maana jicho la serikali lilining'inia shingoni mwake.

Jicho hilo liliitwa kipande. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, lakini kwa sababu ya Vita Kuu haikutumika mpaka miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchapwa alama za vidole na kupewa karatasi iliyotiwa katika kikebe cha chuma. Karatasi hiyo ilitaja jina lake, kabila lake na wilaya yake. Ilimtaja bwana wake wa kazi, siku aliyoandikwa, mshahara aliopata, na siku aliyoruhusiwa kuondoka. Mfanyakazi aliyetoka shambani bila sahihi ya bwana wake alihesabiwa kuwa mtoro. Polisi aliyemkuta njiani aliweza kumsimamisha na kudai kipande. Na asiyekuwa nacho alishtakiwa, akatozwa faini au akafungwa. Hivyo mlowezi wa Thika aliyelipa mshahara mdogo hakuwa na hofu ya kukimbiwa na watu wake, kwa kuwa serikali ilimsaidia kuwasaka.

Msomaji na aangalie jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa. Ufundi wa kutambua watu kwa alama za vidole haukuzaliwa Kenya. William Herschel, mtumishi wa serikali ya Kiingereza katika nchi ya Bengal huko Uhindi, alianza kuwachapa watu viganja mwaka 1858 ili wasizikane hati walizotia sahihi. Baadaye Edward Henry, akisaidiwa na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, aliweka utaratibu wa kuzipanga alama hizo hata zipatikane upesi katikati ya maelfu, na ofisi ya kwanza ya kazi hiyo ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897. Ufundi ule ulipelekwa London mwaka 1901, na kutoka huko ukaja kwetu. Basi tangu mwanzo chombo cha kututazama kilikuwa cha kigeni, kilijaribiwa kwanza juu ya watu wengine waliotawaliwa, kisha kikaletwa hapa kikiwa tayari.

Watu hawakukubali kimya. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui katika Kiambu, alikuwa karani wa simu katika ofisi ya hazina mjini Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuunganisha maneno ya wakubwa. Mwaka 1921 aliongoza chama kilichopinga kupunguzwa kwa mishahara, kodi ya nyumba, kazi ya kulazimishwa na kipande. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa, na siku mbili baadaye umati wa watu, wanaume kwa wanawake, ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kutaka aachiliwe. Polisi walipiga risasi. Serikali yenyewe ilikiri kuwa watu 21 waliuawa, na wengine walihesabu zaidi. Thuku alipelekwa kifungoni Kismayu, akakaa mbali na kwao karibu miaka tisa.

Kipande kiliendelea hadi baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa mataifa yote, Waafrika, Wahindi na Wazungu pamoja. Hapo ndipo ukweli ulipojidhihirisha. Walowezi waliokuwa wakisifu kipande kwa miaka karibu 30, wakisema kwamba mtu mwema hana sababu ya kukiogopa, walipoambiwa kwamba vidole vyao pia vitatiwa wino walipiga kelele na kusema kuwa ni fedheha. Nadhani hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote cha chombo cha kuwachungulia watu: mpe yule anayekisifu akivae yeye kwanza, ndipo usikilize atakavyosema.

Hatari iliyo kubwa zaidi ilikuja pamoja na amri ya Hali ya Hatari, tarehe 20 Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni ilipigana na wapiganaji wa Mau Mau walioingia misituni, lakini adui yake mkubwa ulikuwa ujinga wake wenyewe: haikujua nani ni nani. Tarehe 24 Aprili 1954 askari na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakagua watu mtaa kwa mtaa, na maelfu walitiwa katika magari na kupelekwa vizuizini. Katika ukaguzi wa namna hiyo, mahali pengi aliketishwa mtu aliyefunikwa gunia mwili mzima, lenye matundu mawili ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia. Watu walipitishwa mbele yake mmoja mmoja. Alipotikisa kichwa, mtu alikwenda zake. Alipokiinamisha, mtu alichukuliwa. Hakusema neno, hakuulizwa sababu, wala aliyeshtakiwa hakuweza kumjua mshtaki wake. Huenda alikuwa jirani mwenye kinyongo cha shamba, huenda alikuwa mtu aliyepigwa mpaka akakubali kutaja majina.

Kuanzia mwaka huo huo wa 1954, watu zaidi ya milioni moja wa Kiambu, Fort Hall, Nyeri na wilaya za jirani walihamishwa katika makazi yao yaliyotawanyika vilimani, wakakusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyojengwa kwa amri. Vingi vilizungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa, na mnara wa kulinda ukasimama juu yake. Mlinzi wa mnarani aliona nani ametoka kwenda kuchota maji na nani amerudi. Kadhalika ilihitajiwa hati ya safari kwa atakaye kwenda mji mwingine, na hati ya uaminifu kwa atakaye haki nyingine, hata haki ya kupiga kura mwezi wa Machi 1957. Wazee walioonja maisha hayo hawakuyasahau. Wajukuu wao wanaposema leo kuwa hawapendi kutazamwa bila kujua atazamaye, hawasemi maneno ya kuigiza kutoka ng'ambo. Wanasema kitu kilichowapata watu wa nyumbani kwao.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 minara ile ilikuwa imekwisha bomolewa, lakini haja ya serikali kuchungulia haikubomoka. Katika miaka ya 1980 wapelelezi wa serikali yetu wenyewe waliwakamata waalimu, wanafunzi na wanasiasa, wakawatesa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo katikati ya Nairobi, jumba ambalo juu yake raia walikuwa wakipanga foleni kuomba pasi za kusafiria. Nalitaja jambo hilo ili msomaji asidhani kwamba mabaya yote ya upelelezi yaliletwa na rangi ya mtawala. Yaliletwa na uwezo usio na mwangalizi.

Sasa tufike katika zama za kamera. Haingekuwa haki kueleza habari zake bila kutaja damu iliyozileta. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulilipuliwa, na watu zaidi ya 200 wakafa. Tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye bunduki waliingia jengo la maduka la Westgate, wakawaua watu 67. Tarehe 4 Mei 2014 mabomu yalilipuka ndani ya mabasi mawili katika barabara ya Thika yenyewe, ile ile apitayo mtu wa Kiganjo kila siku, abiria wakafa na makumi wakajeruhiwa. Watu walilia, wakauliza serikali ilikuwa wapi. Mtu aliyepoteza mtoto wake ndani ya basi hawezi kutulizwa kwa maneno matamu juu ya hatari za kutazamwa. Usalama ni haki ya kwanza, na asiyekuwa hai hana haki nyingine ya kuitetea.

Katika mwaka huo wa 2014 serikali iliipa kampuni ya simu ya Safaricom kazi ya kujenga mtambo wa ulinzi na mawasiliano ya polisi, kwa bei ya karibu shilingi bilioni 15. Kamera zipatazo 1,800 zilipangwa kuwekwa Nairobi na Mombasa, na vituo vya polisi 195 vilipangwa kuunganishwa. Mitambo yenyewe ilitoka katika kampuni ya Kichina ya Huawei. Wabunge walibishana, hasa kwa kuwa kazi kubwa kama hiyo ilitolewa bila kushindaniwa, lakini mwishowe ilipita. Hivyo katika muda mfupi jicho la serikali lilitoka shingoni mwa mtu likapanda juu ya nguzo. Zamani mtu alibeba kipande chake na kukionyesha akidaiwa. Siku hizi uso wake ndio kipande, nao haudaiwi, huchukuliwa tu.

Hapana budi kukiri kwamba jicho hilo limetoa faida. Kamera husaidia kumtambua mwizi wa gari, na kumwonyesha dereva aliyemgonga mtu akakimbia. Tena humwona mkubwa kama limwonavyo mdogo. Kamera za Westgate ziliwaonyesha wauaji, na pia ziliwaonyesha askari waliotumwa kuokoa watu wakitoka dukani na mifuko mikononi. Bila picha zile watu wangebaki na uvumi, na wenye makosa wangeapa kuwa wamesingiziwa.

Lakini sasa swali linakuja. Kamera ya leo si kioo kitupu. Ndani yake imo kompyuta ndogo yenye programu, na programu hiyo huandikwa na mtengenezaji, husahihishwa na mtengenezaji, na aghalabu huzungumza na mtambo wa mtengenezaji kupitia mtandao. Mnunuzi huiona chuma na kioo. Maagizo yaliyomo ndani hayaoni. Akiwa mtengenezaji, au mtu aliyeijua siri yake, ameacha mlango wa nyuma, aweza kutazama atazamayo mwenye nyumba, tena bila kubisha hodi. Mwaka 2017 ilifichuliwa kwamba kamera nyingi za kampuni ya Hikvision, ya mji wa Hangzhou nchini Uchina, zilikuwa na kasoro iliyomwezesha mgeni kuingia bila neno la siri. Mwaka mmoja kabla yake, Oktoba 2016, maelfu ya kamera na vyombo vya nyumbani ambavyo maneno yake ya siri hayakubadilishwa tangu kiwandani yaliingiliwa na wahalifu, yakatumiwa kuushambulia mtandao hata sehemu kubwa ya Marekani ikakosa huduma kwa saa kadhaa.

Kwa sababu hizo mataifa makubwa yalianza kuogopa. Marekani ilitunga sheria mwaka 2018 kuzuia idara zake kununua vyombo vya Hikvision, Dahua, Huawei na kampuni nyingine za Kichina. Uingereza iliziamuru idara zake mwezi wa Novemba 2022 ziache kuweka kamera za namna hiyo katika majengo ya siri. Australia, mwanzoni mwa mwaka 2023, ilihesabu vyombo zaidi ya 900 vya jinsi hiyo katika majengo ya serikali yake, ikaazimia kuviondoa. Sababu moja iliyotajwa ni sheria ya Uchina ya mwaka 2017 inayomtaka kila raia na kila shirika kusaidia kazi ya upelelezi wa taifa. Kampuni zenyewe zimekana kwamba ziliwahi kupeleleza kwa niaba ya serikali yao.

Afrika nayo ina mifano yake. Jengo la makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, lililofunguliwa mwaka 2012, lilikuwa zawadi ya Uchina, likiwa na kompyuta na waya zake zote. Mwezi wa Januari 2018 gazeti la Kifaransa Le Monde liliandika kwamba kwa miaka mitano habari zilizokuwa katika mitambo ya jengo hilo zilikuwa zikipelekwa Shanghai kila usiku, kati ya saa sita na saa nane. Uchina ilikana, na viongozi wa Umoja walikana pia. Mwezi wa Desemba 2020 ikatangazwa habari nyingine, kuwa watu walioshukiwa kuwa wapelelezi wa Kichina waliiba picha za kamera za ulinzi za jengo lilo hilo. Uchina ikakana tena. Ukweli wote haujajulikana, lakini hata shaka peke yake ni mzigo: mkutano wa wakuu wa bara zima wahitaji kufanywa mahali ambapo hapana awezaye kuuliza nani mwingine anasikiliza.

Katika nchi jirani ya Uganda, Rais Yoweri Museveni aliamuru kamera ziwekwe baada ya mkuu mmoja wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, kuuawa kwa risasi mwezi wa Machi 2017. Kampuni ya Huawei iliuza mtambo huo kwa dola milioni 126. Mwaka 2019 gazeti la Marekani, The Wall Street Journal, liliandika kuwa mafundi wa kampuni hiyo waliwasaidia polisi wa Uganda kuingia katika mazungumzo ya simu ya mwanasiasa Bobi Wine. Kampuni ilikana, na serikali ya Uganda ikakana. Hapa msomaji makini ataona kwamba hofu imegeuka sura. Huko Addis Ababa shaka ilikuwa kwamba mgeni ameichungulia serikali. Huko Kampala shaka ilikuwa kwamba mgeni ameisaidia serikali kumchungulia raia wake.

Mtu aweza kusema: basi, tusinunue kwa Wachina, tununue Ulaya na Marekani, tutakuwa salama. Historia haikubali shauri hilo kwa wepesi. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari uliwekwa na kampuni ya Kiingereza kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea mpaka Afrika ya Kusini. Wafanyabiashara waliufurahia, kwa kuwa habari zilizokuwa zikichukua majuma sasa zilifika kwa saa. Lakini vita vilipozuka mwezi wa Agosti 1914, jambo la mapema kabisa walilofanya Waingereza lilikuwa kuzikata nyaya za Wajerumani baharini, na ujumbe wa Wajerumani uliolazimika kupita njia za wengine ukasomwa London. Ndivyo ulivyosomwa mwaka 1917 ujumbe wa siri wa waziri Zimmermann kwa Mexico, ambao ulisaidia kuiingiza Marekani vitani. Mwenye waya ndiye mwenye habari.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Kwa miaka mingi serikali zaidi ya 100 zilinunua mashine za kuandikia maneno ya siri kutoka kampuni ya Crypto AG ya Uswisi. Zilisema: Uswisi haina vita na mtu, mashine zake ni za kuaminiwa. Mwezi wa Februari 2020 ilifichuliwa kwamba tangu mwaka 1970 kampuni hiyo ilikuwa mali ya idara za upelelezi za Marekani na Ujerumani ya Magharibi kwa siri, na mashine zilitengenezwa kwa namna ambayo wenyewe wangeweza kuzisoma. Wanunuzi walilipa fedha zao wenyewe ili wasomwe. Kenya nayo haikusalimika na macho ya upande huo. Mwezi wa Mei 2014 iliandikwa, kwa hati zilizofichuliwa na Edward Snowden, kwamba idara ya Marekani ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za nchi yetu. Na mwaka 2021 wahalifu waliingia katika mtambo wa kampuni ya Kimarekani ya Verkada, wakaona yaliyoonekana na kamera zipatazo 150,000, zikiwamo za hospitali na magereza. Mwezi huo huo ilitangazwa kwamba jeshi la Uchina limeyakataza magari ya Tesla kuingia katika makambi yake, kwa kuwa yana kamera za Kimarekani. Basi kila mkubwa anamwogopa mwenziwe, na kila mmoja anatushauri sisi tununue kwake.

Kwa hiyo swali la kwanza, kamera imetengenezwa wapi, ni swali la haki, lakini halitoshi. Liko swali la pili: funguo za jicho hilo anazo nani? Kama kamera ingetengenezwa Thika na vijana wa Thika, na picha zake zikawa mikononi mwa mtu asiyeulizwa na mahakama wala bunge, raia hangekuwa salama zaidi. Mwezi wa Juni 2025 mwalimu mmoja kijana aliyekamatwa kwa maneno aliyodaiwa kuandika mtandaoni alifia ndani ya kituo kikuu cha polisi cha Nairobi. Kituo kilikuwa na kamera. Lakini Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi ilieleza kwamba mtambo wa kamera hizo ulichezewa. Haikuhitajika hila ya taifa la mbali. Ilitosha mkono wa karibu ulioweza kuufikia mtambo, na jicho lililowekwa kwa fedha ya umma likafumbwa saa ile ile lilipohitajiwa na umma.

Kenya haikukaa bure juu ya jambo hili. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya faragha, yaani nyumba yake, mali yake na mawasiliano yake visichunguliwe ovyo. Mwezi wa Novemba 2019 ilitiwa sahihi sheria ya kulinda habari za watu binafsi, na mwaka uliofuata akateuliwa kamishna wake wa kwanza. Serikali ilipotaka kuwaandikisha watu wote kwa namba moja iitwayo Huduma Namba, kwa vyombo vilivyouzwa na kampuni ya Kifaransa, watu walikwenda mahakamani. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliikataza serikali kukusanya vinasaba vya watu na alama za mahali wanapokaa, ikaamuru kwamba kazi nyingine isiendelee bila kanuni za kutosha. Walioongoza shauri hilo walikuwamo Wanubi, jamii ambayo kwa vizazi imesumbuka kupata kitambulisho. Waliojua uchungu wa kutotambuliwa ndio waliojua pia hatari ya kutambuliwa pasipo mipaka. Hata hivyo sheria ya mwaka 2019 inao mlango: mambo yanayosemwa kuwa ya usalama wa taifa huweza kuachwa nje yake. Mlango huo hauna budi kuwapo, lakini mlango usio na bawabu hupitisha kila mtu.

Basi tufanyeje? Nchi isiyotengeneza kamera zake haiwezi kuzing'oa zote kesho na kuwaachia wauaji njia. Lakini mnunuzi mwenye busara ana mambo manne ya kudai. Kwanza, mkataba wake usiwe siri kwa bunge, wala usitolewe bila mashindano. Pili, mtambo wa kamera utengwe na mtandao wa nje, na picha zake zikae nchini. Tatu, wawepo mafundi wa nchi wawezao kuufungua na kuuchunguza, wasiwe mafundi wa kubadilisha taa tu. Nne, iandikwe ni nani ameomba kutazama picha za mtu, lini, na kwa amri ya nani, na maandishi hayo yafike mbele ya hakimu. Kati ya hayo manne, la tatu ndilo linalowahusu vijana wa shule kuliko wote. Mashine haimtii aliyeinunua; humtii aliyeielewa. Taifa lisilo na watu wa kusoma programu ya kamera ni kama mtu anayetia sahihi barua asiyoweza kuisoma, akimtegemea mwandishi wake kwa wema.

Babu zetu walipopewa kipande hawakuulizwa. Hawakuwa na bunge la kupeleka malalamiko yao, wala mahakama ya kuwasikiliza, na wale waliosimama mbele ya kituo cha polisi mwaka 1922 walijibiwa kwa risasi. Sisi tunavyo vyote viwili, bunge na mahakama, na tunayo shule ambamo ufundi wa mashine hizi unaweza kujifunzwa. Jicho la serikali litaendelea kuwapo, maana hatari zipo na wauaji wapo. Kazi iliyobaki kwa raia ni kuhakikisha kwamba jicho hilo nalo linaonwa.